Tundu la Saba

Twite, weka ndoo kivulini.
Jua la Lubumbashi mwezi wa nane
linakausha mate kabla hujamaliza kutema.

Kwanza fungua mabizimu. Yote, nimesema.
Ukisafisha hatamu ikiwa imefungwa
umenawa uso ukaacha masikio,
na uchafu unapenda pale ngozi inapojikunja,
pale ambapo jicho la mwenye farasi halifiki.

Lijamu liloweke peke yake.
Hayo ni majani ya jana na mate ya Kaporali;
usikunje pua, yeye hakukunja
ulipomvisha likiwa na baridi ya alfajiri.

Sifongo ikamue mpaka ilie.
Povu likiwa jingi, maji yamezidi.
Sugua taratibu, kwa duara. Umeona?
Ndoo imekuwa nyekundu:
vumbi lile lile la barabara ya Ruashi
linalolala kwenye shuka za mama yako.

Na hii kijani ndani ya bizimu si majani.
Ni shaba imetoka jasho.
Baba alirudi nayo kwenye kucha
kutoka kiwandani, miaka ishirini na sita,
na mama akamsugua kwa limau na majivu
kila Jumamosi, kidole kwa kidole,
bila neno.
Limau ile pale. Majivu yako kwenye kopo.
Usiguse ngozi nayo.

Wahenga walisema ngozi ivute ingali maji.
Hawakuwa na farasi.
Ngozi iliyolowa ukiivuta inakubali,
inakubali kila kitu, ndiyo shida yake;
kesho ikikauka hairudi,
na mguu wa kulia unaning'inia
chini ya mwenzake.
Iache. Itundike mbali na jiko. Ikauke kwa hewa, kwa saa zake.

Ukingoja, kagua uzi.
Pitisha ukucha juu ya kila mshono.
Uzi mmoja, Twite, uzi mmoja uliooza
ulimwangusha madamu Ngalula
mbele ya wageni wake wote,
na aliyefukuzwa kazi
hakuwa uzi.

Sasa mafuta. Mawese hapana:
panya wa Kamalondo nzima watakuja na jamaa zao.
Haya ya miguu ya ng'ombe, kidogo, kwa kitambaa,
upande wa nyama kwanza, ule usiong'aa.
Novemba mvua ikianza
utajua nani alipaka na nani alidanganya:
ukungu utaota juu ya matandiko
mweupe, kama unga wa bukari.

Huu ukanda wa kikuku nipe mimi.
Hesabu matundu.
La pili ni la madamu, mrefu kama mlingoti.
La nne, la mtoto wa daktari,
aliyelia akipanda, akalia akishushwa;
wanasema leo anaendesha ndege.
La tano na la sita hayana mwenyewe.

La saba limepinda kidogo,
lilitobolewa kwa msumari na jiwe
Jumapili moja jioni, klabu ikiwa tupu,
mlinzi Mwape akiwa amelala, au amejifanya.
Mara moja tu. Kuzunguka uwanja.
Kaporali alikuwa kijana wakati huo,
na mimi nilikuwa na kitenge nimekikunja mpaka magotini,
na kutoka juu pale
niliona bomba la kiwanda,
paa la nyumba yetu, kamba ya nguo,
mama akianua.
Sikujua mji huu una upana ule.

Miaka kumi na moja nalipaka mafuta.
Tundu lisilotumika hupasuka mapema,
hivyo tu.
Mbona unacheka?

Yaliyobaki mkononi usiyafute kwenye suruali,
paka visigino, vimekuwa kama njia ya Kasenga.
Kisha funga mabizimu.
Kikuku kiache tundu la pili, madamu anakuja saa tisa.

Nimesema la pili, Twite.